Jeli ya Kaa na Magoti ya Fundi Vigae

Fundi alipiga magoti maisha yake yote, lakini si mbele ya mtu. Kazi yake ilikuwa kutandika vigae. Sakafu za hospitali, za benki, za ukumbi wa mahakama na za bafu nyingi za wenye nafasi zilipita chini ya mikono yake, na moja ya hizo ilikuwa ya jiko la mwalimu mmoja kijana aliyekagua kila mstari kwa rula kabla ya kusema ahsante. Fundi alirudia safu mbili bila kununa, na mwaka uliofuata akamwoa mwalimu yule. Kila sakafu aliianza kwenye kona ya mbali, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, magoti yake kwenye saruji. Hakuwahi kuyawekea hata gunia. Mafundi wenzake waliofunga vipande vya mpira magotini aliwaita mabibi harusi. Kabla hajafikiria kustaafu, magoti yenyewe yakamstaafisha.

Nyumba yao ina ghorofa, na chumba chao cha kulala kiko juu. Siku Fundi aliposhindwa ngazi, kitanda kilishushwa sebuleni, na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, akatundika pazia zito la zambarau toka ukuta hadi ukuta. Wageni walikaa upande huu, mwenye nyumba akalala upande ule. Mgeni akimuuliza, Mwalimu alijibu, "Yuko ndani, anapumzika." Huko ndani hakukuwa mbali, maana Fundi alisikia kila neno, na mara nyingine jambo likichekesha alicheka kabla ya mgeni. Mgeni mwenye adabu alijifanya amesikia redio. Katika nyumba ile udhaifu wa mtu haukuanikwa kama nguo.

Binti yao alikuwa mmoja tu. Alirithi uvumilivu wa baba na rula ya mama, akasoma, akapata kazi katika maabara ya chuo. Wenzake walimwita Dada Pipeti, kwa sababu siku yake ya kwanza alitoka kwenda kula na pipeti, kile kijiti cha kunyonyea matone ya dawa, sikioni, kama seremala na penseli yake. Ilitokea kwamba sakafu ya maabara ile ilitandikwa na baba yake miaka mingi nyuma. Hakumwambia mtu. Mama yake ndiye aliyemwambia mkuu wa maabara, tena mara mbili.

Kazi ya Pipeti inaeleweka upesi ikielezwa polepole. Watu wanapopasuliwa magoti hospitalini, vipande vidogo vya utando wa ndani ya kiungo hubaki, na kwa ridhaa yao hupelekwa maabara. Kutoka kwenye vipande hivyo yeye hukuza seli, chembe hai zisizoonekana kwa macho matupu, ndani ya sahani za plastiki zenye vishimo vingi, kila kishimo kama kitufe cha shati kwa upana. Huzilisha. Huzilaza kwenye kabati lenye joto la mwili wa binadamu. Zikishanawiri, huzichokoza: huzitilia kitu cha kuzikasirisha, nazo hufanya kama zinavyofanya ndani ya goti lililolika, yaani hutoa kemikali za kuita uvimbe na maumivu. Wao kule maabara huziita kelele. Hapo ndipo inapotiwa jeli, dawa ya goti wanayoijaribu. Kelele zikipungua, jeli ina maana. Zisipopungua, wanarudi mezani.

Jeli yenyewe ilitokana na maganda ya kaa. Habari hiyo ilipofika nyumbani, Fundi aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Nikidungwa hiyo, nitatembea mbele au upande upande?"

"Utatembea, Baba. Upande tutauchagua baadaye."

"Maana ngazi za nyumba hii ni nyembamba."

Jeli ya kwanza ilikuwa nyepesi. Haikudhuru kitu, ila kelele zilipungua kidogo tu, kama watoto wa darasa wanaomsikia mwalimu akiwa bado mbali. Mkuu wa maabara akaikaza kwa kigandishi kipya kilichotoka kwenye magome ya mti fulani. Jeli ikawa nzito, ya rangi ya chai ya maziwa, na mambo yakabadilika. Kelele zilikoma. Hazikupungua, zilikoma.

Bila shaka waliuliza kama seli zilikuwa hai bado, maana maiti naye hapigi kelele. Kwa swali hilo wana rangi ya buluu: ikikutana na seli hai hugeuka waridi, na ikikutana na zilizokufa hubaki buluu vilevile. Vishimo vyote vya jeli nzito viligeuka waridi. Mwenzake Pipeti, kijana wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alizunguka chumba kizima akicheza na kiti cha magurudumu. Mkuu, mtu mzima asiyecheka ovyo, alivua miwani na kuisafisha, akaivaa, akaivua tena. Aliahidi kuipeleka habari hiyo mbele ya baraza la chuo. Baraza likikubali, watakuja kondoo wa kuijaribia, na baada ya kondoo, watu.

"Kondoo?" Fundi alisema. "Mwambie mkuu wako mimi nihesabiwe kondoo. Wakitaka mlio, nitalia."

Pipeti alitaja miaka. Mama yake aliisikia miaka hiyo, ila akaipunguza mwenyewe njiani akielekea kwa jirani. Jirani huyo, mama mwenye duka la dawa, alikuwa na magoti yake na ulimi wake, na vyote viwili vilimsumbua. Kwake Mwalimu alisema maneno ambayo kesho yake mtaa mzima uliyajua: "Mume wangu hatachongwa goti kama mguu wa meza. Binti yake anamtengenezea dawa."

Jambo hili lisingekuwa na uzito kama hospitali isingekuwa imempa Fundi nafasi ya upasuaji. Alikuwa amesubiri muda mrefu kuwekewa goti la chuma. Zamu yake ilifika katikati ya furaha ile ya waridi, na daktari wa upasuaji alitaka jibu: anakuja au nafasi apewe mwingine?

Mwalimu alipiga simu maabara. Simu za mkononi haziingii chumba cha seli, kwa hiyo Pipeti aliitwa hadi mapokezi, akaacha sahani nusu imejazwa, akavua glavu na koti.

"Mama, kuna nini?"

"Daktari wa upasuaji anataka jibu. Nimwambie nini?"

"Mama, nina seli mezani, zinakauka."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenye seli. Dawa inafanya kazi au haifanyi?"

"Matokeo ni mazuri, lakini..."

"Basi nimejibiwa." Simu ikakatwa.

Pipeti alirudi, akavaa upya, akaendelea na sahani. Alikuwa na haraka na alikuwa na hasira kidogo, na hasira ya mtu mpole haina pa kutokea ila mikononi. Alitia jeli nzito safu baada ya safu, akafunika, akaiingiza sahani kwenye kabati la joto.

Kesho yake asubuhi alitia rangi, akasubiri, akaitoa sahani. Waridi, kama kawaida. Aliiweka chini ya hadubini si kwa kutafuta kitu, bali kwa sababu mama yake alimlea kukagua kazi iliyokwisha. Safu ya mwisho haikuwa na seli. Hakuona hata moja. Akaelewa mara moja kilichotokea: alipoitwa kwenye simu, safu ile alikuwa hajaitia seli, na aliporudi akapitiliza na jeli. Ni kosa dogo. Kila mtu wa maabara amewahi kulifanya, na kila mmoja atakuambia ni mwingine aliyelifanya.

Akainua sahani kwenye mwanga, akaitazama kwa macho tu. Safu isiyo na seli ilikuwa waridi sawasawa na jirani zake.

Alikaa. Ilikuwa kama nyumba isiyo na mtu, na taa zinawaka.

Redio alikuja na kikombe chake, akasimama mlangoni pasiporuhusiwa vikombe. "Dada Pipeti, umemwona jini?"

"Safu hii haina seli."

"Umeruka safu? Wewe? Leo mvua itanyesha ndani."

"Tazama rangi."

Redio alitazama. Akanyamaza, jambo ambalo lilistahili kuandikwa ukutani. Kisha akasema kile ambacho sheria ya maabara inasema: "Tupa. Anza nyingine. Sahani iliyokosewa haitoi ushahidi."

Ni kweli, ndivyo ilivyo. Sahani iliyokosewa hutupwa kwenye pipa la njano, na hakuna anayeulizwa. Pipeti alisimama juu ya pipa hilo na sahani mkononi. Angeiachia tu, Mkuu angekwenda kwenye baraza lake, kondoo wangekuja, na mama yake angeendelea kupita mtaani na shingo ndefu. Mambo aliyoyafikiria hayakuwa makubwa. Alifikiria kwamba mama yake huamka mapema, na huwapigia watu simu mapema.

Hakuitupa. Alichukua vishimo vipya, akatia jeli na rangi tu, bila seli hata moja. Kabla ya chakula cha mchana vyote vilikuwa waridi. Basi ni kile kigandishi cha magome ya mti. Chenyewe kilikuwa kinaigeuza rangi, pawe na seli au pasiwe. Kisha akafanya kazi aliyokuwa anaiogopa. Akachukua safu zilizokuwa na seli, akaiosha jeli taratibu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akaangalia chini yake. Seli hai hujitandaza na kushikilia chini, kama watu waliojinyoosha mkekani. Hizi zilikuwa zimejikunja duara, zimeng'oka, zinaelea kama punje za mchele kwenye maji ya kuoshea. Jeli nzito haikuzituliza. Ilizimaliza, na wao wakashangilia ukimya.

Mkuu alisikiliza akiwa amesimama. Kwanza alisema, "Ulikosea sahani."

"Ndiyo, Daktari. Nilikosea ya kwanza. Hizi za pili nimezifanya makusudi."

Aliangalia za pili. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu kuliko macho yanavyohitaji. "Jeli nyepesi tuliipima na kwenye vishimo visivyo na seli," alisema.

"Tuliipima. Tulipobadilisha kigandishi hatukurudia."

"Mimi sikurudia. Sema ilivyo." Akavua miwani, lakini safari hii hakuisafisha. "Nimeshamwambia kila mtu."

"Na mama yangu naye amewaambia, Daktari."

Mkuu alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka ya kufanya kazi pamoja akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Kisha akaenda kuliandikia baraza kwamba hatakuja.

Pipeti hakungoja saa ya kutoka. Alifika nyumbani akakuta alichokihofia: sebule ina mgeni, na mgeni mwenyewe ni mama wa duka la dawa, mguu wake wa kulia umeinuliwa juu ya kigoda. Mwalimu alikuwa anamimina chai.

"Huyu hapa daktari wetu," alisema mama wa duka la dawa. "Njoo, mwanangu, nitazame goti. Mimi sitaki foleni na hao kondoo wenu."

"Shikamoo, Mama." Akamgeukia mama yake. "Mama, naomba tuongee kidogo jikoni."

Mwalimu hakuinua macho kwenye birika. "Mgeni hajanywa chai."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na Pipeti aliijua tangu hajaota meno ya pili: habari mbaya haisemwi mbele ya mgeni. Angeweza kusubiri. Lakini aliuliza, "Mama, umeshampa jibu daktari wa upasuaji?"

"Asubuhi na mapema."

"Jikoni, Mama, tafadhali."

Hapo pazia likazungumza. "Semeni hapo hapo. Mimi jikoni sifiki, na hilo goti linalojadiliwa ni langu."

"Yuko ndani, anapumzika," Mwalimu alimwambia mgeni, kwa mazoea tu.

"Sipumziki!" pazia likajibu.

Pipeti akapiga moyo konde. Alisimama katikati ya sebule, akalielekea pazia kama anayesoma darasani, akaeleza yote: safu aliyoiruka, rangi iliyowadanganya, seli zilizokuwa zinaelea. Hakupamba. Alipomaliza, mwenye duka la dawa ndiye aliyetangulia kusema.

"He! Kumbe ni sumu. Na mimi nilikuwa nishanyoosha mguu."

Mwalimu aliweka birika chini. Uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa ameyaficha mengi zaidi ya hayo mbele ya wakaguzi wa shule. "Dada yangu," alisema, "wewe unauza dawa. Unajua vizuri kwamba sumu ni ile ambayo haikupimwa. Hii imepimwa, na aliyeipima ni huyu. Kama angetaka kutudanganya angetudanganya, maana sisi tulikuwa tumeshajidanganya wenyewe."

"Mimi sijasema vibaya, Mwalimu."

"Najua. Kunywa chai."

Kisha akainuka, akaenda kwenye simu ya mezani. Simu hiyo iko sebuleni, na kila mtu alisikia. Mwalimu hakuzoea kurudi kwenye neno lake. Wanafunzi wake wa zamani wanaweza kusimulia kwamba hata alipokosea jina la mtu kwenye mahudhurio, mtu huyo aliona afadhali kuitika jina lile. Alizungusha namba, akanyoosha mgongo.

"Habari za mchana. Ni mke wa Fundi, yule wa goti. Asubuhi nilisema hatutaki nafasi. Tunaitaka... Ndiyo. Ndiyo, ni mimi mwenyewe niliyesema... Hapana, hakuna aliyenishauri vibaya. Nilikosea." Akasikiliza. "Imeshachukuliwa. Basi inayofuata. Tutasubiri. Tuandike." Akaweka simu taratibu, akaketi, akachukua kikombe cha mgeni akakijaza tena ingawa kilikuwa bado kimejaa nusu.

Pazia lilitikisika. Fundi alikuwa analivuta kutoka upande wake kwa bakora ya kutembelea, na pete moja baada ya nyingine ikasogea hadi akaonekana amekaa kitandani, fulana nyeupe, nywele hazijachanwa.

"Shikamoo, Fundi," alisema mama wa duka la dawa, akashusha mguu wake kutoka kwenye kigoda kwa heshima.

"Marahaba. Nimekusikia mwaka mzima, leo ndiyo nakuona." Akamgeukia binti yake. "Kwa hiyo kondoo wamepona."

"Wamepona, Baba."

"Afadhali. Goti la chuma halihitaji kaa."

Jicho lake lilikuwa jekundu kidogo, na Pipeti alilitazama kisha akatazama dirisha, kwa sababu hayo nayo yalikuwa malezi ya nyumba ile. Mwalimu alinyoosha mkono kulirudisha pazia. Akalishika, akalifikiria, akaliacha pale lilipo.

Maabara nayo imebadilika kwa jambo moja dogo. Kila sahani inayotayarishwa ina safu isiyo na seli, ya jeli na rangi tu, na watu wanaiita nyumba tupu. Mgeni akiuliza jina limetoka wapi, Redio yuko tayari kueleza hadi mgeni ajute. Pipeti amerudi kwenye jeli nyepesi, ile inayopunguza kelele kidogo bila kuua kitu, na anatafuta namna nyingine ya kuikaza. Mkuu hamharakishi.

Jumamosi moja, wakati bado wanangoja zamu ya pili ya hospitali, Fundi alimwita binti yake.

"Unaona kigae kile, karibu na mlango?"

"Kina nini?"

"Kimepinda. Mwanzoni nilidhani ni jicho. Lakini tangu nilale chini hapa nakitazama kila siku asubuhi kabla pazia halijavutwa, na sasa halivutwi nakitazama hata jioni. Kimepinda, na niliyekitandika ni mimi."

"Baba, watu wamekikanyaga miaka thelathini."

"Ndiyo, na hakuna aliyesema. Mama yako mwenyewe na rula yake hakukiona."

"Nilikiona," alisema Mwalimu kutoka jikoni. "Sikutaka kukuaibisha mbele ya mafundi wako."

Fundi akacheka mpaka kitanda kikalia. "Leta patasi na nyundo ndogo," alimwambia binti yake. "Utakitoa wewe, mimi nitakuelekeza. Na uchanganye saruji kidogo tu, hii si barabara."

Pipeti alileta vifaa. Akaiweka patasi kwenye ukingo wa kigae, akapima, akapiga goti la kulia kwenye sakafu, halafu la kushoto. Kabla hajainua nyundo, kitu laini kikampiga mgongoni kikaanguka kando yake. Ulikuwa mto wa kitanda.

"Magoti hayo," alisema baba yake. "Weka hapo chini kwanza."